Mzazi Amefariki na Madeni: Fuateni Hatua Hizi Kabla ya Kugawa Mirathi

Aliyewahi kuzika Mombasa anaijua sauti hii: kaburi limefukiwa, dua imesomwa, kisha mmoja wa familia anasimama na kusema, "Anayemdai marehemu aje tuonane." Ni desturi njema, na msiiache. Lakini kazi yangu ni kuandaa faili za mirathi, na matatizo mengi yanayonifikia huanzia hapo. Anakuja kijana amekwisha kulipa laki mbili za mfukoni mwake, kwa watu wasio na hata kikaratasi, na hali mzee ameacha nyumba ya kupangisha.

Deni la mzazi hulipwa kwa mali ya mzazi. Hudaiwi kwa kuwa tu wewe ni mwanawe. Unadaiwa ikiwa ulimdhamini, ikiwa mlikopa pamoja, au ikiwa umejichukulia mali yake kabla madeni hayajalipwa.

Hatua ya 1: Tangazo na daftari. Semeni, "Aje na ushahidi, tumwandike." Asisimame mtu akasema "nitalipa mimi" kwa uchungu wa msiba. Mchagueni mmoja anayeaminiwa na ndugu wote, ashike daftari: jina la mdai, kiasi, tarehe, ushahidi. Mwenye duka akileta kitabu chake cha mikopo, pigeni picha ukurasa. Wakati wa matanga kazi ni kuandika tu. Malipo yangoje.

Hatua ya 2: Simu ya marehemu. Hapa watoto wengi hukosea bila nia mbaya. Wanaijua PIN ya mzee, wanatoa pesa za M-Pesa wanunue mchele wa matanga. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na utatakiwa kujibu kwa ulichochukua. Pia msikusanye rambirambi kwa laini yake. Kama alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, mchango ukiingia tu deni linakatwa.

Hatua ya 3: Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Chukueni nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwani kila ofisi itataka yake.

Hatua ya 4: Yatafuteni madeni yaliyojificha. Nendeni benki na muulize swali moja kabla ya mengine yote: je, mkopo huu ulikuwa na bima ya maisha? Mingi huwa nayo, na bima ikilipa, deni limekwisha. Msipouliza, huenda hakuna atakayewaambia. Kwenye Sacco ulizeni akiba yake ni kiasi gani, mkopo umebaki kiasi gani, na wadhamini ni nani. Wadhamini hao ndio watakaobanwa mkinyamaza, na mara nyingi ni marafiki zake wa kazini, nao wamestaafu.

Kisha, kwa Waislamu, kuna deni ambalo mama huona haya kulitaja: mahari. Kama baba hakuimaliza, kilichobaki ni deni kamili katika mali yake. Mama analipwa hilo kwanza, halafu ndipo apewe thumuni yake, yaani sehemu ya nane ya urithi. Muulizeni kwa upole, faraghani, bora aulizwe na binti.

Na kama nyumba ya mzee ni ya zile zisizo na ardhi, yaani nyumba ni yake lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, kama zilivyo nyingi mitaa ya Majengo na Kisauni, tafuteni risiti za kodi ya kiwanja. Malimbikizo yake nayo ni deni.

Hatua ya 5: Mahakama. Waislamu waliokubaliana wote huenda kwa Kadhi, kama Katiba inavyoruhusu katika Kifungu cha 170. Wengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali. Mtahitaji barua ya chifu yenye majina ya warithi. Fomu ya P&A 5, yaani kiapo cha kuombea usimamizi wa mirathi, ina sehemu ya mali na sehemu ya madeni. Jazeni zote mbili kutoka kwenye lile daftari, msifiche.

Hatua ya 6: Kulipa. Msimamizi wa mirathi akishapata hati ya mahakama, hulipa gharama za mazishi na za mahakama, kisha madeni. Kwa Waislamu hufuata wasia, usiozidi thuluthi, na mwisho ndio warithi. Msimamizi akigawa kabla ya kulipa, anaweza kudaiwa yeye binafsi. Benki iliyoshika hatimiliki ya nyumba inaweza kuiuza, kwa hiyo zungumzeni nayo mapema.

Mali isipotosha, wadai hupata kilichopo. Watoto wakitaka kuongeza chao ili mzee wao apumzike, hiyo ni hiari na heri yao. Waendeeni pia wadai muwaombe msamaha. Wengi husamehe. Lakini anayesamehe aandike na kutia sahihi siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wawili. Nimeona msamaha wa mdomo ukikanwa na watoto wa mdai, naye mdai mwenyewe alikuwa ameshafariki.