Jinsi ya kujua una sisimizi wa aina ngapi uani

Mwenye nyumba wa Goba au Kigamboni atakutajia sisimizi wa kopo la sukari, na siafu wa masika. Wengine wengi hawaingii ndani, kwa hiyo jikoni usipaguse kwanza.

1. Fukia vikombe. Vikombe vya plastiki, ukingo ulingane sawasawa na udongo. Ukichomoza kidogo tu, wadudu wanazunguka. Tia maji na tone la sabuni ya vyombo, acha mchana na usiku wake. Kimoja chini ya mti, kimoja bustanini, kimoja kando ya pevingi.

2. Weka chambo cha aina mbili. Kwenye vipande vya boksi weka dagaa wa kusaga, na pembeni yake pamba yenye maji ya sukari. Chungulia baada ya dakika 10, kisha baada ya dakika 45. Usiruke ule mchungulio wa kwanza: wanaowahi mara nyingi hufukuzwa na wanaokuja kwa wingi, hasa Pheidole megacephala, wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa. Ndiyo maana chambo peke yake hakitoshi. Kinakuonyesha mbabe wa uwanja. Wanyonge utawakuta kwenye vikombe.

3. Tazama juu. Kwenye mwembe, mkorosho au mnazi tafuta majani yaliyoshonwa: hao ni maji moto, Oecophylla longinoda, wanaoshona kwa hariri ya mabuu wao. Usiwachokoze, wanauma na kumwaga tindikali. Wasikatiwe tawi pia. Kwenye minazi huwafukuza kunguni wanaoangusha nazi changa. Pheidole wakitawala chini, mara nyingi maji moto huhama mti.

4. Chekecha majani makavu juu ya shuka nyeupe. Kazi ya kuchosha, ila wale wadogo kabisa wako humo.

5. Tenganisha. Hifadhi kwenye spiriti ya duka la dawa, na kikaratasi ndani kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka. Kwa lenzi hesabu vinundu vya kiuno: maji moto ana kimoja, Pheidole viwili. Siafu vibarua hawana macho. Mwenye kiuno kinene kisichobanwa ni mchwa, ndugu wa mende. Mtoe kwenye hesabu.

6. Linganisha na ua wa jirani uliosakafiwa wote, kwa idadi ileile ya vikombe na siku ileile. Mvua ikinyesha katikati, rudia kote kuwili.