Somo: Kusoma ripoti ya mwaka kabla ya kupiga kura

Ndugu wanahisa, msimu wa mikutano mikuu umefika. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi hulazimika kutoa hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wake wa fedha kwisha. Sharti hilo ni ngao yetu wenye hisa chache, ila ngao lazima uishike.

Hatua ya 1. Pakua ripoti kwenye tovuti ya kampuni. Picha na barua ya mwenyekiti ziache kwanza.

Hatua ya 2. Tafuta orodha ya wanahisa 10 wakubwa. Mmoja akiwa na asilimia 60, maazimio ya kawaida, yanayohitaji zaidi ya nusu ya kura, anayapitisha peke yake. Hapo tegemeo lako ni wakurugenzi huru, yaani wasiofungamana na kampuni wala na wakubwa wake.

Hatua ya 3. Hapa usikimbie. Kanuni za utawala bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za 2015 zinataka angalau thuluthi ya bodi wawe huru, na mwenyekiti asiwe ndiye mkurugenzi mtendaji. Wahesabu. Kisha soma wasifu wa kila mmoja: aliwahi kuajiriwa humo? Anaiuzia kampuni huduma? Akishapita miaka 9 bodini, hahesabiwi tena kuwa huru. Kampuni isiyofuata lazima ieleze sababu. Sababu ya mstari mmoja isikutoshe.

Hatua ya 4. Nenda nyuma kabisa, kwenye miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Niliwahi kukuta humo kodi ya ghala la mkurugenzi: imepanda, mwaka uleule mgao wetu umekatwa. Niliuliza mkutanoni. Mwaka uliofuata maelezo yake yalijaza nusu ukurasa.

Hatua ya 5. Huwezi kufika? Rudisha fomu ya uwakilishi, ya kumteua mtu akupigie kura, mapema, kwa kawaida saa 48 kabla.

MASWALI

Mwalimu, nina hisa 200 tu. Watanisikiliza?
Kura ikihesabiwa kwa hisa tutashindwa, ni kweli. Lakini bodi itakujibu mbele ya watu wote, nayo haitasahau ulichouliza.

Tahadhari ya faida ni nini?
Kampuni ikiona faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, lazima itangaze. La sivyo wanaojua wangeuza huku wewe ukinunua.

Kwa nini kampuni korofi zisisimamishwe tu sokoni?
Ndugu, hapo ndipo panaponiuma. Kampuni ya maduka makubwa ya Uchumi ilipofunga maduka 2006, hisa zake zilisimamishwa hadi 2011. Miaka yote hiyo mwenye hisa hakuwa na soko la kuziuzia. Afadhali faini iwashukie wakurugenzi wenyewe.