Somo: Pima unene wa unywele wako kwa mwanga wa leza

Tulifundishwa kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Ukikutana na mwanya mwembamba sana, hutanuka mithili ya mawimbi ya bahari yanayopenya mlango wa bandari. Kutanuka huko ndiko difraksheni. Kikwazo chembamba, kama unywele, hutoa karibu mchoro uleule wa mwanya wenye upana sawa nacho. Babinet, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha hilo.

Hatua ya 1. Bandika unywele ulionyooka mbele ya tundu la tochi ya leza nyekundu, upite katikati ya mwali. Usimwelekezee mtu machoni, wala wewe usiitazame.

Hatua ya 2. Zima taa, kisha mulika ukuta ulio mita 2 kamili kutoka kwenye unywele. Unywele ukisimama wima, utaona mstari wa madoa ya mwanga ukienda kulia na kushoto, na mapengo ya giza kati yake.

Hatua ya 3. Pima kutoka pengo moja la giza hadi linalofuata, upande mmoja tu. Hapa wengi hukosea: doa la katikati ni pana mara mbili ya mengine, kwa hiyo usilihesabu. Afadhali upime mapengo matano mfululizo, yaani nafasi nne, kisha ugawe kwa 4.

Hatua ya 4. Zidisha urefu wa wimbi (umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata) kwa umbali wa ukuta, ugawe kwa nafasi uliyopata; jibu ndilo unene wa unywele. Leza nyingi nyekundu zina nanomita 650 hivi, yaani milimita 0.00065. Nafasi ikiwa milimita 20: 0.00065 × 2,000 ÷ 20 = milimita 0.065.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, giza linatoka wapi ilhali mwanga unafika kila mahali?

Jibu: Swali zuri mno. Fikiria mwanya umegawanywa nusu mbili. Kwenye pengo la kwanza, kila wimbi la nusu ya juu lina mwenzake wa nusu ya chini aliyesafiri nusu ya urefu wa wimbi zaidi. Mmoja yuko kileleni, mwingine bondeni, wanafutana. Nishati haipotei, imehamia kwenye madoa angavu. Mwingiliano wa aina hii ndio Thomas Young aliutumia, mwanzoni mwa miaka ya 1800, kutetea kwamba nuru ni mawimbi.

Swali: Mbona dirishani hatuoni mapengo?

Jibu: Dirisha ni pana mara milioni na zaidi kuliko wimbi, hivyo mwanga hutanuka kwa pembe ndogo mno. Kadiri mwanya unavyobanwa ndivyo mchoro unavyopanuka.

Swali: Nina leza ya kijani tu, ndugu.

Jibu: Itumie. Nyingi zina nanomita 532. Kwa unywele ule wa mfano nafasi itashuka hadi milimita 16.4 hivi. Weka 0.000532 kwenye hesabu, na unene utabaki uleule.