Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia kwenye gofu (jengo kuukuu lililoachwa), Arusha na Moshi

Zunguka jengo lote mara moja kabla ya kugusa mlango. Dakika kumi na tano za kuzunguka zitakuonyesha jengo lilikuwa la kazi gani, na ukishajua kazi yake utajua mashimo yake yako wapi. Wengi huingia kwanza, wakakisia baadaye, na hapo ndipo miguu inapovunjika.

Chukua kiwanda cha kumenyea kahawa, gofu linaloonekana sana kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Kilijengwa kufuata maji: mfereji unaingia kwa juu, mashine ya kumenya inafuata, chini yake matangi ya kuchachushia, halafu mifereji ya saruji ya kuoshea, na mwisho uwanja wa vichanja vya kuanikia. Ukikuta saruji iliyosakafiwa laini, yenye mteremko mdogo na mipasuo miwili inayotazamana ya kupitishia ubao wa kuzuia maji, ujue umeshafika kwenye mifereji. Matangi yako hatua chache juu yako, na baada ya mvua yanafunikwa na majani kiasi cha kuonekana kama ardhi tupu. Piga fimbo mbele yako kila hatua.

Josho la ng'ombe linadanganya zaidi. Kwa mbali ni ufa mrefu mwembamba wenye kuta za saruji: upande mmoja mnyama alitumbukia ghafla, upande wa pili akapanda kwa ngazi za mteremko. Kina chake hufika karibu mita mbili. Majosho ya zamani yalitumia dawa zenye aseniki, sumu isiyooza, inayobaki kwenye udongo wa pale miaka mingi. Usikae hapo kula, usichimbe, na osha mikono kabla ya kushika chochote cha mdomoni.

Chini kwenye tambarare ya Moshi, mahali pa mashamba ya mkonge, tafuta misingi mikubwa ya saruji yenye bolti zilizosimama wima. Hapo ilikaa mashine ya kukamua majani. Mtaro mpana unaotoka hapo ulibeba maji na taka. Ghala nalo hujitambulisha kwa matundu ya hewa yaliyo juu ukutani na sakafu iliyoinuliwa karibu mita moja, ili gunia litoke moja kwa moja hadi kwenye behewa au lori.

Kwa majengo ya reli, tarehe zinasaidia. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani. Waingereza ndio walioifikisha Arusha, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo nyumba ya reli ya Arusha inayoitwa "ya Mjerumani" ina kasoro kwenye hadithi yake. Angalia pia vipande vya reli vilivyotumika kama nguzo au boriti: ubavuni mara nyingi kuna jina la kiwanda na mwaka kwa herufi zilizoinuka. Mwaka huo ni wa chuma, si wa jengo, maana reli kuukuu zilitumika tena. Na usitembee juu ya njia ukidhani imekufa; treni zilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020.

Ukitaka kuzoeza jicho, anza na Boma la Arusha, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo leo ni makumbusho. Tazama unene wa kuta na kina cha madirisha, kisha ulinganishe na gofu lako.

Ruhusa inakuja kabla ya buti. Mwone mwenye eneo kama yupo, kisha mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, na umwambie mlinzi unaingia na kutoka saa ngapi. Huku kwetu kila anayezunguka gofu huhisiwa anatafuta mali ya Mjerumani, na waliokwisha kuchimba sakafu wakitafuta rupia, sarafu za enzi za Wajerumani, ndio waliotuachia mashimo mabichi katikati ya vyumba. Jembe na kifaa cha kutambua chuma viache nyumbani. Usiondoke na kitu, hata kitasa.

Nendeni watatu, mmoja abaki nje na simu yenye chaji. Namba ya polisi ni 112, zimamoto 114. Kila anayeingia awe na tochi mbili, buti za soli nene, glovu za ngozi, barakoa ya N95, fimbo ya mita moja na nusu na lita mbili za maji. Chanjo ya pepopunda iwe hai. Msumari wenye kutu ni ajali ya kawaida kuliko nyoka.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni nyuki. Hukaa kwenye dari, bomba la moshi na kuta zenye uwazi. Usijipulizie manukato. Wakianza kukugonga kichwani bila kuuma, wanaonya: rudi nyuma taratibu. Wakiuma, funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja hadi kwenye gari na ufunge vioo. Usijitose majini, watakungoja juu.

Popo nao wana mavi makavu yanayobeba ukungu unaoshambulia mapafu, ndiyo maana ya barakoa. Mabati ya kijivu, mazito na yanayovunjika kama saruji huenda ni ya asbestosi; usiyapande wala kuyavunja. Kwenye sakafu ya mbao, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu boriti iko chini yake, lakini igonge kwanza: mchwa hula ndani wakaacha ganda. Sauti ya ngoma maana yake geuka.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Kuta zilizojengwa kwa udongo hulegea kwa maji, na udongo mweusi wa tambarare hunasa gari. Ingia saa tatu asubuhi, toka saa tisa; kuta nene huleta giza ndani mapema. Ukitoka, pima vyumba kwa tepu ya mita tano, chora ramani palepale, na uweke alama kwenye kila mlango uliozibwa, kwa sababu ghala la leo huenda lilikuwa bweni jana, na mlango uliozibwa ndio unaobaki kuionyesha kazi ya kwanza.