Namna ya kuiachisha shule ya bweni jenereta

Nimefunga umeme wa jua kwenye shule na zahanati za pwani ya Tanga kwa miaka 11, na wakuu wa shule wanaonipigia simu karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, tunahitaji paneli ngapi?" Mimi huwaomba kwanza daftari, na mtu mwaminifu wa kuliandika siku 7 mfululizo.

Humo kiingie kila kinachotumia umeme: wati zake, kama zilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, na saa kinazowaka kweli. Msilijaze mkiwa ofisini. Kwenye shule moja upande wa Pangani nilihakikishiwa kwamba taa zote huzimwa saa 4 usiku. Nilipomwamkia mlinzi getini, mzee wa watu akaitika marahaba, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, zile za bweni la kidato cha nne zinakesha." Taa 20 za wati 9 zikikesha saa 8 zinakula wati-saa 1,440, yaani idadi ya taa mara wati mara saa. Tulikubaliana na matroni zibaki 2 za kwenye korido.

Daftari likijaa, gawa mzigo mafungu mawili, wa mchana na wa usiku. Hapa ndipo pesa zinapookolewa, kwa sababu umeme unaotumika jua likiwa juu haupiti kwenye betri, na betri ndiyo kifaa ghali kuliko vyote. Shule ile ilikuwa na taa 60 za wati 9 kwa saa 4 za jioni, wati-saa 2,160. Taa za ulinzi 6 za wati 10 usiku kucha, 720. Friji, kama 1,000 kwa siku nzima, nusu yake usiku. Kompyuta 10 kwa saa 3, 3,000. Pampu ya kisima ya wati 750 kwa saa 4, nyingine 3,000. Jumla 9,880, lakini za usiku ni 3,380 tu, maana pampu na kompyuta tulizihamishia kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Maji yapandishwe kwenye tangi mchana. Usiku yanashuka yenyewe.

Sasa paneli. Chukua jumla, gawa kwa 5, ambazo ni saa za jua kali unazoweza kutegemea kwa siku, kisha gawa kwa 0.75 kufidia joto, vumbi na upotevu wa njiani. Inakuja kama wati 2,640. Tukafunga paneli 6 za wati 550, yaani 3,300, ili masika yasituumbue.

Kwenye betri nawaomba msikubali haraka. Shule hiyo ilikuwa imeshauziwa sola kabla yangu, na betri 2 za asidi za volti 12, Ah (ampea-saa) 200 kila moja. Kwenye karatasi, volti mara ampea-saa mara betri 2, ni wati-saa 4,800, lakini betri ya asidi ikishushwa kila siku chini ya nusu haidumu, kwa hiyo halali yake ni 2,400. Mzigo ulikuwa 3,380. Zilikufa ndani ya miezi 14, shule ikarudi kwenye dizeli, na bodi nzima ikaamini kwamba jua haliwezi. Iliniuma sana, maana jua halikuwa na kosa lolote. Sisi tuliweka za lithiamu, kilowati-saa 10 (wati-saa 10,000), ambazo zinaweza kushushwa hadi asilimia 20 na bado zikabaki na akiba ya siku ya mawingu.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli uwe kama ule wa nyumbani, iwe ya wimbi safi, na iwe kubwa kuliko mzigo wenu, kwani pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya wati zake. Upande wa paneli dai breka, yaani swichi za kukata umeme kukiwa na hitilafu, za DC, umeme wa mkondo mmoja unaotoka kwenye paneli. Breka ya kawaida ya nyumbani ikikata umeme wa DC inaweza kushindwa kuuzima moto wa cheche na ikaungua. Erthi, waya wa usalama unaozikwa ardhini, isirukwe. Paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izisafishe, na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Tazama vivuli saa 3 na saa 9: kuti moja la mnazi likifunika kona ya paneli, linaweza kuzivuta chini zote zilizounganishwa nayo.

Jenereta yao ya dizeli ilikuwa ya kVA 15 (kipimo cha ukubwa wa jenereta kinachokaribia kilowati), ikisukuma taa zisizofika hata kilowati moja. Dizeli ikichomwa kwa mzigo mdogo hivyo haiungui yote; nilipofungua bomba la moshi vidole vilitoka na masizi yenye mafuta, mazito kama lami. Ilikula lita 9 kila jioni, na kila lita hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, mita chache kutoka madirisha ya bweni la wasichana.

Msiiuze mwaka wa kwanza. Iwasheni mara moja kwa mwezi, nusu saa, ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, na dizeli iliyolala muda mrefu ibadilishwe. Daftari nalo liendelee, ila safu ya mwisho sasa iandikwe asilimia ya betri saa 12 asubuhi. Ikisoma chini ya 30 siku 3 mfululizo, kabla hamjampigia fundi, nendeni mkaangalie bweni la kidato cha nne.