Moyo wa kichanga umetanuka: itafute koronari ya kushoto kabla ya kuandika majibu

Kichanga wa miezi miwili au mitatu anatokwa jasho akinyonya, analia sana, na nyumbani wameshamtibu mchango. Kwenye eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, imetanuka na haikazi vizuri. Wengi huandika ugonjwa wa misuli ya moyo na kufunga faili. Huyu huenda koronari yake ya kushoto, mshipa unaolisha misuli ya moyo, inatoka kwenye ateri ya mapafu badala ya aorta, hitilafu adimu ambayo upasuaji huirekebisha.

Mtoto anayelia hapimiki. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma kuna baridi na upepo, kwa hiyo pasha jeli, funga dirisha, na mwache anyonye. Tumia probu (kifaa kinachowekwa kifuani) ya megahezi 8 hadi 12.

Iweke kushoto mwa mfupa wa kidari, upate aorta kwa mkato wa mviringo. Usiiamini picha ya kijivu peke yake: uwazi wa utando wa moyo ulio nyuma ya aorta huonekana kama koronari iliyoungana nayo. Washa Dopla ya rangi, inayoonyesha mwelekeo wa damu, punguza kisanduku cha rangi, ushushe skeli ya kasi hadi sm 20–30 kwa sekunde. Ukiiacha pale ulipopimia vali, damu ya koronari haitaonekana, maana huenda polepole. Kwa kawaida damu ya tawi la mbele huja kuelekea probu, nyekundu. Ikiwa ya bluu, yaani inarudi nyuma, hakikisha kwanza hakuna aliyegeuza rangi za mashine, kisha ifuate mpaka inapomwagikia kwenye ateri ya mapafu wakati moyo umelegea.

Koronari ya kulia iliyonenepa, misuli ya papilari (inayoshikilia vali ya mitrali) inayong'aa na vali hiyo kuvuja huongeza shaka. Kipimo cha umeme wa moyo nacho: mawimbi Q yenye kina kwenye lidi (njia za kipimo hicho) I na aVL.

Mtego mkubwa ni presha ya mapafu. Ikiwa bado juu, kama wiki za mwanzo au penye tundu kubwa kati ya ventrikali, damu haigeuki. Nyekundu isikutulize; onyesha mshipa unapoanzia. Ukishindwa, omba CT ya mishipa.

Kwenye rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambatanisha video zenye mstari wa umeme wa moyo, si picha mgando. Oksijeni apewe tu akiihitaji: hulegeza mishipa ya mapafu, na damu ya koronari huzidi kuvutwa huko.