Somo: Kufufua ambulensi au gari la mazishi la zamani ukiwa karakana ya nyumbani

Wakuu, somo hili linahusu magari ya kazi ya Marekani ya miaka ya 1950 hadi 1970: ambulensi na magari ya kubebea majeneza yaliyojengwa juu ya shasi ndefu ya Cadillac. Kiwanda kilitoa shasi, injini na sehemu ya mbele, halafu wajenzi wa bodi kama Miller-Meteor, Superior na Hess & Eisenhardt wakajenga yote yaliyobaki. Shasi ya 1959 ina inchi 156 kutoka ekseli hadi ekseli, wakati Cadillac ya kawaida ya mwaka huo ina 130.

Hilo ndilo linalopanga mradi mzima. Vipuri vya injini, gia na usukani vinapatikana. Vioo vya ubavuni, mlango wa nyuma, raba zake na mapambo vilitengenezwa kwa idadi ndogo, na ukivivunja hakuna duka la kukimbilia. Gari lenyewe ni zito, kwa hiyo kipuri cha saluni (gari la kawaida la abiria) kinachoingia kwenye bolti zake si lazima kiwe kinalifaa.

1. Kabla ya kufungua chochote

Andika namba ya shasi na ile ya kibati cha mjenzi wa bodi. Ni vitu viwili tofauti na utavihitaji vyote unapotafuta vipuri. Piga picha kila kona, kila waya, kila klipu. Raba zilizokauka usitupe hata kipande, maana mtengenezaji wa raba mpya atahitaji umbo la ukingo wake. Kioo bapa hukatwa upya kwa urahisi, lakini kilichopinda hadi kitengenezewe umbo maalumu. Kama kimoja kimekosekana, jua sasa kabla hujamaliza fedha kwenye rangi.

2. Sakafu na fremu

Inua gari kwa stendi nne chini ya reli za shasi, karibu na ekseli. Usiweke stendi chini ya bodi. Sakafu ya nyuma mara nyingi ni mbao za tabaka, na maji yanayopita kwenye raba ya mlango wa nyuma huozesha kingo kwanza. Choma kwa bisibisi: ikizama, mbao imekwisha. Gari likiwa na paa la ngozi bandia, bonyeza kandokando ya kioo cha mbele na cha nyuma. Panapochakarika kuna kutu chini yake.

Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Bodi ndefu ikikatwa sakafu bila kufungwa kwanza hulegea katikati, na milango haitafunga tena sawasawa. Kabla ya kukata, pima kila uwazi wa mlango kona kwa kona na uandike vipimo, kisha chomelea mirija ya chuma kwa umbo la X. Kata upande mmoja, malizia, pima tena, ndipo uhamie upande wa pili. Weka mbao za kuhimili maji za unene uleule wa zamani, zilizopakwa epoksi pande zote, kingo zipakwe mara tatu. Matundu ya bolti nayo yapakwe. Maji huingilia humo.

Rola za jeneza na vishikio vya machela safisha urudishe palepale. Gari lisilo navyo limepoteza utambulisho wake.

3. Breki

Sehemu hii haina njia ya mkato. Cadillac ilianza kuweka masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia mbili kwenye magari ya 1962. Ya kabla ya hapo yana njia moja: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Badilisha.

Angalia kipenyo. Ukitoka inchi 1 kwenda inchi 1⅛, eneo la pistoni linaongezeka kwa takriban asilimia 27: pedali inakuwa fupi lakini nzito. Ukipunguza kipenyo, pedali inakuwa nyepesi ila inashuka sana. Anza na kipenyo kilekile cha zamani.

Breki za ngoma zinahitaji vali ya kubakiza presha ya takriban psi 10 ili raba za silinda za magurudumu zisivute hewa. Baadhi ya masta silinda zinayo ndani tayari. Usiongeze ya pili, breki zitabaki zimeshika. Paipu ziwe za chuma au za mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo cha inchi 3/16 au kile kilichokuwepo, na midomo ikunjwe mara mbili. Shaba tupu haifai.

Kati ya fimbo ya busta (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki) na pistoni ya masta silinda acha nafasi ya chini ya milimita 1. Bila nafasi hiyo pistoni haiachii tundu la kurudishia mafuta, presha hubaki ndani, ngoma zinapata moto na gari linajifunga njiani. Ikizidi, pedali inacheza bure kabla ya kushika.

Toa hewa kwenye masta silinda ukiwa umeifunga kwenye jiriwa, kisha magurudumu, kuanzia la mbali zaidi. Halafu kanyaga kwa nguvu dakika nzima, injini ikiwa imezimwa. Pedali ikizama taratibu, kuna uvujaji hata kama huuoni. Mwisho jaribu busta: kanyaga mara kadhaa kumaliza mvuto (vakyumu) uliobaki ndani yake, shikilia pedali, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo.

4. Umeme

Piga hesabu ya mzigo. Kwa mfano: taa za mbele ampia 15, feni mbili za joto 20, wepa 5, taa za juu 20. Hizo ni 60, na jenereta ya zamani haifikishi hapo, hasa injini ikiwa mwendo wa polepole. Altaneta ya ampia 90 hadi 100 inatosha. Ondoa kidhibiti cha zamani kabisa, vuta waya mpya wa milimita za mraba 25 kutoka altaneta hadi betri, na fyuzi ya ampia 125 karibu na betri.

Bodi hukaa juu ya raba, kwa hiyo weka waya mnene wa ethi kati ya bodi na shasi, mbele na nyuma. Taa za nyuma zinazofifia kwenye magari haya mara nyingi tatizo lake ni hilo. Vifaa vya kisasa kama kamera ya nyuma na chaja vipe kisanduku chao cha fyuzi, usiviunganishe kwenye nyaya za kiwandani. Kwenye taa za kuzunguka acha mota ya asili, badilisha balbu tu kuwa LED.

5. Injini na tairi

Hoses zote za mafuta ziwe za kuhimili ethanoli. Oili iwe na zinki ya kutosha, maana tapeti bapa za injini hizi hula kemshafti zikikosa.

Tairi: pima uzito wa kila ekseli kwenye mizani ya magari, kisha chagua. Alama ya mzigo 109, inayoandikwa baada ya saizi ya tairi 235/75R15, inabeba kilo 1,030 kwa tairi moja, ikiwa na upepo uliopangwa. Alama 105 ni 925.

Rangi ni ya mwisho.

Maswali ya wanachama

Swali: Wakuu, nimeweka altaneta, sasa nikizima swichi injini haizimiki. Shida nini?

Jibu: Umeme unarudi kupitia waya mdogo wa kuamsha altaneta hadi koili. Weka balbu ya kuonyesha chaji au dayodi kwenye waya huo, mshale ukielekea altaneta.

Swali: Masta silinda ya njia mbili ni mpya, hewa nimetoa, ila pedali inashuka hadi nusu.

Jibu: Kaza kwanza virekebishi vya ngoma hadi gurudumu liguse kidogo, kisha legeza kidogo. Isiposaidia, toa hewa upya kwenye masta silinda. Kisha ndipo ushuku kipenyo.

Swali: Naweza kufunga diski za mbele za saluni ya Cadillac?

Jibu: Mkuu, linganisha kwanza habu, beringi na uzito ulioandikwa na mtengenezaji wa diski hizo. Kama hakuandika kwamba zinafaa shasi ya kazi, baki na ngoma. Ngoma zisizozidi kipenyo chake cha mwisho, zenye vitambaa vya breki vilivyochongwa kufuata mviringo wake, zinasimamisha gari hili vizuri.

Swali: Injini ya kisasa je?

Jibu: Inawezekana, lakini propela ya shasi hii ina vipande viwili na beringi ya katikati. Ukibadilisha injini na giaboksi, pembe za viungo zinabadilika, na zisipolingana gari linatetemeka kila likishika mwendo. Ya asili ikiwa na kompresheni nzuri, iache.

Swali: King'ora na taa nyekundu naruhusiwa kuwasha barabarani?

Jibu: Sheria za sehemu nyingi zinakataza gari binafsi. Uliza mamlaka ya usafiri ya kwenu kabla ya kusajili. Ukiwa barabarani funika taa, chomoa fyuzi ya king'ora na uiweke kwenye droo ya dashibodi.